Daftari la vijana wa mtaa: namna ya kuwafikisha kwenye vyeti, ufundi na mkopo wa halmashauri

Mwongozo huu ni wa wenyeviti na watendaji wa mitaa na vijiji, walimu, viongozi wa misikiti na makanisa, na yeyote Tanzania anayetaka vijana wa eneo lake wafaidike na kilichopo tayari. Hauhitaji mfadhili. Unahitaji kauntabuku moja nene, mtu mwenye mwandiko unaosomeka, na watu wawili au watatu wasiochoka kufuatilia. Semina za kuhamasisha vijana zimeshafanyika za kutosha. Kinachomkwamisha kijana mara nyingi ni kwamba siku dirisha la maombi linapofunguliwa hana namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), au jina lake limeandikwa kwa namna tatu kwenye vyeti vitatu. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni ya karatasi, na inafanyika kabla fursa haijatangazwa.

Hatua ya 1: Andikisheni vijana kwanza

Wengi huanza kinyume. Wanasikia halmashauri ina mafunzo, ndipo wanakimbia kutafuta majina, na orodha inajaa watoto wa wajumbe na jirani zao. Anzeni na daftari. Pigeni mistari kwenye kurasa mbili zinazotazamana, mweke safu hizi: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, elimu aliyofikia, cheti cha kuzaliwa kipo au hakipo, NIDA ipo au haipo au anasubiri, anachofanya sasa, anachotaka, simu, na tarehe ya mwisho alipofuatiliwa.

Safu ya "anachofanya sasa" ndiyo yenye mali, na ndiyo watu huijaza ovyo. Usikubali jibu la "hana kazi". Ukiuliza jana alifanya nini kuanzia asubuhi, utagundua anamsaidia fundi wa kuchomelea siku tatu kwa wiki, anasuka nywele nyumbani, au anatengeneza simu za watu. Huyo ana ujuzi bila cheti, na mlango wake ni tofauti kabisa na wa asiyejua kitu.

Piteni nyumba kwa nyumba wawili wawili, mmoja awe mwanamke. Bila hivyo hamtawaona wasichana wa kazi za ndani, waliopata watoto wakiwa shuleni, wala kijana mwenye ulemavu ambaye familia imezoea kumwacha chumbani. Mkutano wa saa nne asubuhi hauwafikii hao. Unawaleta waliokuwa wamekaa kijiweni. Bodaboda wafuateni kituoni mchana, abiria wanapopungua.

Mambo mawili ya tahadhari. Namba ya NIDA isiandikwe daftarini wala picha ya kitambulisho isirushwe kwenye grupu la WhatsApp. Andika "ipo" tu, matapeli wanazitafuta sana taarifa hizo. Pili, daftari lisifanane na orodha ya chama cha siasa, lisitunzwe ofisi ya chama, na anayepita nyumbani asivae sare. Likishanuka siasa, nusu ya nyumba zitafunga mlango.

Hatua ya 2: Nyoosheni karatasi

Anza na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu vingine vinakitegemea. Kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa ngazi ya wilaya huduma hiyo ipo ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya; maombi pia yanafanyika mtandaoni. Kijana mkubwa ambaye hakusajiliwa utotoni aende na ushahidi wa zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, na vitambulisho vya wazazi. Kadri karatasi inavyokuwa ya zamani ndivyo inavyosaidia. Barua ya jana ya mwenyekiti peke yake ni dhaifu.

NIDA inafuata akitimiza miaka 18. Fomu inajazwa, inagongwa muhuri na serikali ya mtaa, kisha mwombaji anaenda ofisi ya NIDA ya wilaya kuchukuliwa alama za vidole na picha. Namba ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikague siku hiyohiyo namba inapotoka. Tarehe ikikosewa, kosa linamfuata benki, kwenye laini ya simu na kwenye kila mfumo wa serikali. Kadi yenyewe ikichelewa msiisubiri. Kwa maombi mengi namba inatosha.

Sasa majina. Kijana ni Mwajuma Ally Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwajuma A. Hamis kwenye cheti cha kidato cha nne, na Mwajuma Ali kwenye NIDA. Mtaani ni mtu mmoja, lakini mfumo unalinganisha herufi kwa herufi. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, na kijana aitunze nakala halisi, asiiache kwa wakala wa stationari. Tofauti kubwa inahitaji kurekebishwa kwenye chanzo, na cheti cha mtihani ndicho kigumu kuliko vyote kubadilisha. Kwa hiyo walio bado shuleni wasaidieni mapema: mzazi akague jina kwenye usajili wa mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne kabla shule haijautuma.

Yatima wana shida yao. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu aliyefiwa anatakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kama kimetoka huko. Familia nyingi zilizika, zikapewa kibali cha mazishi, zikaishia hapo. Kibali hicho si cheti cha kifo. Mfumo ukikosa cheti, kijana anahesabika kama ana wazazi wote wawili. Pitieni daftari mwaka mmoja kabla hajamaliza kidato cha sita, mwanzishe kazi hiyo.

Na kila kijana awe na laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Ujumbe wa kuitwa kwenye usaili huwa unafika kwenye laini ya mjomba iliyozimwa.

Hatua ya 3: Jueni nani ana nini

Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye mlango wa vikundi na mikopo ya halmashauri. Afisa Elimu Kata anajua njia za kurudi masomoni. Afisa Vijana wa halmashauri hupata mapema matangazo ya programu za kitaifa, na Afisa Ustawi wa Jamii anahusika na walio kwenye mazingira magumu. Kwa mtoto au kijana anayefanyiwa ukatili, namba 116 inapigwa bure.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi ndefu zinazoanza Januari na kozi fupi za mwaka mzima. Kwenye vyuo vyake vya serikali ada ya kozi ndefu iliyozoeleka ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Kinachowarudisha vijana nyumbani si ada, ni orodha ya vifaa: ovaroli, buti, vifaa vya fani, godoro. Chukueni fomu ya kujiunga ya chuo chenyewe, jumlisheni kila mstari, ndipo muwaambie wazazi kiasi.

SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, ipo mikoani kwa mafunzo ya usindikaji, mashine ndogo na mikopo ya wajasiriamali. TaESA inaunganisha watafuta kazi na waajiri pamoja na nafasi za mafunzo kazini kwa wahitimu. Ofisi inayohusika na kazi na vijana imekuwa ikiendesha Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ambako serikali hugharamia uanagenzi (kujifunza kazi kwa vitendo) na urasimishaji wa ujuzi (kumpa cheti aliyejifunza kazi nje ya chuo). Nafasi hizo hutangazwa kwa muda mfupi, na hapo ndipo daftari linapowafaa: mna majina, umri na fani tayari, mnajibu siku hiyohiyo.

Kwa aliyeacha shule, ikiwemo msichana aliyepata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi kunaruhusiwa tangu Novemba 2021. Asiyetaka kukaa tena na wadogo zake darasani aende Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ambaye hakumaliza sekondari huanza na mtihani wa maarifa, QT. Usajili wake hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa zaidi. Mwalimu mstaafu mmoja, chumba cha madrasa au cha kanisa kuanzia saa kumi jioni, na vitabu vya kuazima vinatosha kuanzisha darasa la QT mtaani. Wekeni mtu wa kuangalia watoto wadogo, la sivyo akina mama vijana watakuja wiki mbili tu.

Hatua ya 4: Uanagenzi wa karakana za mtaani

Kabla ya kutazama mbali, hesabuni mafundi mlio nao: seremala, fundi cherehani, fundi pikipiki, umeme, saluni, uchomeleaji. Kumpeleka kijana kwa fundi ni jambo la kale na linafanya kazi, ila huharibika kwa njia moja inayojulikana: anafagia karakana na kutumwa chai miezi minane, kisha anaacha, na fundi anasema vijana wa siku hizi hawana subira.

Dawa yake ni karatasi ya ukurasa mmoja inayosainiwa na fundi, kijana, mzazi na mtendaji wa mtaa. Iandikwe muda, kwa mfano miezi 6 au 12. Siku na saa. Nani anatoa chakula cha mchana. Nani analipa kifaa kikivunjika. Na vifaa vya kujikinga. Fundi wa kuchomelea asiyempa mwanagenzi ngao ya macho msimkabidhi mtoto wa mtu. Miwani ya jua si kinga.

Chini ya karatasi hiyo wekeni orodha ya stadi. Kwa kuchomelea inaweza kuwa: kupima na kuweka alama, kukata kwa grainda, kuchagua fimbo ya kuchomelea na kiwango cha umeme, kuunganisha chuma kwa nukta ili kisicheze, kuchomelea kona, kunyoosha chuma kilichopinda kwa joto, kusafisha na kupaka rangi ya kuzuia kutu, kukadiria vifaa vya dirisha moja. Kila mwezi mtu wa daftari anapita karakanani, anaomba kijana afanye stadi moja mbele yake, fundi anasaini na tarehe. Miezi miwili ikipita bila saini mpya, zungumzeni na fundi.

Itunzeni karatasi hiyo. VETA ina utaratibu wa kumtathmini aliyejifunza kazi nje ya chuo na kumpa cheti. Mtahiniwa huhojiwa, huonyesha kazi kwa vitendo, na hufundishwa anapopungukiwa. Mwenye picha za kazi zake na rekodi iliyosainiwa anajieleza vizuri kuliko anayesema tu "nimefanya miaka minne". Mteja wa kichochoroni hajali cheti, lakini mkandarasi atakiuliza.

Hatua ya 5: Mkopo wa asilimia 10

Hapa ndipo penye pesa na penye makosa mengi. Kwa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa 2018, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hukopeshwa vikundi, na mkopo hauna riba. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipitishia benki. Ndiyo maana sasa uhakiki ni mkali, na maofisa wanafika eneo la mradi.

Kikundi cha vijana kiwe na watu wasiopungua 5. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kuhusu ukomo wa juu wa umri, msimfute mtu wa miaka 36 kwa kukisia. Kanuni zimekuwa zikirekebishwa, muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii.

Msiunde kikundi kwa ajili ya mkopo. Kikundi kilichozaliwa wiki ya tangazo hugawana pesa siku ya malipo, na kila mmoja anakwenda na zake. Anzeni kuweka akiba miezi sita kabla, hata shilingi 2,000 kwa wiki kila mtu, na daftari la hisa linaloonyesha nani alileta na nani alichelewa. Atakayeshindwa 2,000 kwa wiki atashindwa marejesho, na ni nafuu mmjue kabla hamjasaini naye mkataba.

Kisha andaeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuamua kuomba mkopo wenye saini za wote, namba za NIDA, akaunti ya benki ya jina la kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na andiko la mradi. Katiba iseme wazi mwanachama akihama, akifa au akitoroka deni lake linabebwaje. Vifungu vingine maofisa huvisoma juujuu, hiki wanakitafuta. Usajili na maombi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na afisa wa kata husaidia kuingiza. Jalada hupita ngazi ya kata, halmashauri na wilaya kabla ya mkataba, kwa hiyo msiagize mashine wala kukodi fremu kwa kutegemea ahadi ya mdomo.

Andiko la kunakili linajulikana haraka. Kata tatu zikileta mradi uleule wa "ufugaji wa kuku" na bajeti ileile hadi kosa la tahajia, hakuna atakayepita. Andikeni wenyewe kurasa tatu: mtauza nini, kwa nani, mkifanyia wapi, vifaa gani kwa bei gani. Kila kifaa kikubwa kiwe na profoma, yaani hati ya bei, ya duka lenye TIN (namba ya mlipakodi). Bei ya kukisia ndiyo huwaacha na mashine isiyo na mota.

Kuku wanafaa kuangaliwa kwa karibu, maana kila kikundi huanza na kuku. Kifaranga wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Hadi hapo amekula kama kilo 7 za chakula, yaani kuku 100 wamemaliza kilo 700, mifuko 14 ya kilo 50, bila yai hata moja. Marejesho ya mkopo yakianza mwezi wa nne, mnadaiwa kabla kuku hawajataga. Wa nyama huuzwa wiki ya 5 au 6, kwa hiyo wanaendana na marejesho ya kila mwezi, mradi mnunuzi awe amepatikana, kwani kila siku ya ziada bandani wanakula faida. Anayetaka wa mayai aombe muda mrefu zaidi kwenye andiko, au aanze na biashara ya pili inayoingiza mapema.

Fanyeni hesabu hii kikaoni, kwa sauti, kabla ya kutaja kiasi. Mkopo ni 5,000,000, unaisha mwezi wa 12, na miezi 3 ya mwanzo hamlipi. Yamebaki marejesho 9: kila moja ni 555,556. Gawa kwa watu 5, ni 111,000 na ushei kila mtu kila mwezi, juu ya chakula chake, kodi na mtoto. Kama biashara haitoi hiyo mwezi mbaya wa mvua, punguzeni mkopo. Kikundi kilichokopa 2,000,000 kikamaliza kina nafasi nzuri ya kuomba tena kuliko chenye deni bichi la 10,000,000.

Pesa zikiingia, nunueni vifaa ndani ya wiki moja, watu wawili waende dukani, risiti ya EFD ibaki kwenye faili. Kila kifaa kiandikwe jina la kikundi kwa rangi. Mwanachama mgonjwa akiomba "kukopa kidogo" kwenye akaunti ya mradi, jibu liwe hapana, achangiwe mfukoni. Mlango ukifunguliwa kwa mgonjwa haufungiki kwa mwenye harusi.

Hatua ya 6: Kalenda ukutani

Chukueni kartoni, mchore miezi 12, mbandike ofisi ya mtaa na kwenye kituo cha bodaboda. Januari: kozi ndefu za VETA zinaanza, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea umefunguliwa. Katikati ya mwaka: maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo fomu yake inahitaji saini ya serikali ya mtaa na ya wakili au hakimu, kwa hiyo mwenyekiti asisafiri wiki hiyo bila kuacha mtu. Julai 1: mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza, ulizeni ratiba ya mikopo. Kuanzia Agosti: sikilizeni matangazo ya VETA ya mwaka unaofuata. Tarehe kamili ziandikwe kwa penseli, zinasogea.

Kwenye kartoni hiyo hiyo, kwa wino mwekundu: malipo ya serikali yanalipwa kwa control namba, hayatumwi kwenye simu ya mtu. Anayeomba "hela ya fomu" ya mkopo wa halmashauri, au "ya kusukuma faili", ripotini TAKUKURU kwa 113, bure. Namba ya tapeli itumwe kwa 15040. Na msichana anayeahidiwa kazi Oman au kwingine Ghuba apitie wakala mwenye leseni na mkataba unaofahamika na TaESA, asipande ndege kwa viza ya matembezi huku mkataba ukiwa "utaukuta huko".

Hatua ya 7: Ufuatiliaji na makabidhiano

Kila mwezi piga simu kwa kila jina lenye jambo linaloendelea, uandike tarehe na jibu. Asiyepokea mara tatu, mfuate nyumbani. Kila miezi mitatu, kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, someni hesabu bila majina: wangapi wamepata NIDA, wangapi wako karakanani, vikundi vingapi viliomba na vingapi vilikataliwa na kwa sababu gani. Sababu za kukataliwa ndizo zenye faida kwa wanaofuata. Muombeni afisa aziandike.

Uongozi wa mtaa hubadilika kwa uchaguzi, na daftari lina tabia ya kuondoka na aliyelitunza. Liwe mali ya ofisi, lipigwe muhuri kila ukurasa, liwe na nakala ya pili kwa mwalimu au kiongozi wa dini, na makabidhiano yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, jina la anayetoa na anayepokea, pamoja na idadi ya kurasa.